Siku Tano kwa Miguu, Makere hadi Kibondo

Akina mama wa Kasulu na Kibondo hatuhitaji kufundishwa kutembea. Tunatembea kwenda shambani, mtoni, mnadani, kliniki na msibani, na mara nyingi mtoto yuko mgongoni na mzigo uko kichwani. Lakini kutembea kundi zima kwa siku tano mfululizo, katika majira ambayo jua kali, upepo, mvua ya mawe na ukungu hupokezana ndani ya siku moja, ni jambo jingine. Ndilo tulilofanya sisi akina mama 14 wa kanisa mwishoni mwa mwezi wa Oktoba, tukitoka Makere, upande wa Kasulu, hadi Kibondo. Tangu turudi tumeulizwa maswali mengi. Mengine ni ya kuchekesha, na mengine yanahusu uhai wa mtu. Hayo ya pili ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu.

Wa kwanza kuuliza walikuwa waume zetu. "Mabasi yapo, barabara siku hizi ni nzuri, mnatafuta nini kwa miguu?" Tulikuwa tunakwenda kwenye mkutano wa akina mama, na basi lingetufikisha siku hiyo hiyo. Lakini basi hupita vijiji. Huko njiani wako wenzetu ambao hakuna mgeni anayelala kwao, na ambao wakisikia neno mkutano hujua kwamba si lao. Tulitaka kulala kwao na kula nao. Pia kundini tulikuwa wauguzi wawili, tuna kipimo cha presha, na kila jioni tungeweza kuzungumza na wajawazito.

Swali la pili la waume lilikuwa nani atapika. Mwenzetu mmoja aliandika ratiba ya chakula kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, Jumatatu hadi Ijumaa, na akamwonyesha mumewe chupa ya mawese ilipo. Aliporudi alikuta watoto wameshiba na ukuta haujafutwa. Hadi leo haujafutwa, naye anasema hataufuta.

Nchi ya mvua moja

Kama tungechagua wenyewe tungetembea mwezi wa Julai, lakini tarehe ya mkutano hupangwa na watu wengine. Huku Buha tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Mei. Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari. Huku kwetu milimani kuna mahali panapozidi mita 1,500. Hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ndiyo maana mgeni kutoka Kigoma mjini hufika Kasulu na shati jepesi na kuomba sweta jioni.

Mvua zinapoanza, asubuhi huwa nyeupe na tulivu. Saa tano mawingu huanza kujikusanya juu ya vilima kama pamba. Saa nane yamekuwa meusi chini na marefu juu, upepo baridi unavuma ghafla kutoka upande wa mvua, na baada ya hapo una dakika chache tu. Kwa hiyo tulikubaliana kuondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuwa chini ya paa ifikapo saa nane mchana. Hilo lilitufaa kuliko dawa zote tulizobeba.

Kuhusu mizigo, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, watu hujiuliza nguo kavu zitabebwa wapi. Sisi tulitumia ndoo ndogo zenye mfuniko. Kila mama alikuwa na yake kichwani, na ndani yake sweta, kitenge kimoja, soksi na kiberiti. Ndoo hiyo haikuruhusiwa kufunguliwa njiani hata kama mwenyewe anatetemeka, isipokuwa amefika mahali pakavu. Nje ya ndoo kila mmoja alikuwa na kipande cha turubai cha kujifunika, maji lita mbili, karanga na viazi vya kuchemsha. Viatu tulikataza vipya. Mwenye raba kuukuu alicheka, mwenye viatu vya sikukuu alilia kufikia saa nne ya siku ya kwanza.

Na mwendo? Katika makundi mengi wenye nguvu hutangulia, kisha hukaa kivulini kuwasubiri wengine. Dhaifu akifika, wao wamekwisha kupumzika na wanasimama kuondoka. Hivyo yule anayehitaji kupumzika ndiye asiyepumzika kamwe. Sisi tulimtanguliza bibi yetu wa miaka 63, na mwendo wake ukawa mwendo wetu. Nyuma kabisa tuliweka mama mmoja mwenye mapafu na sauti, na hakuna aliyeruhusiwa kubaki nyuma yake hata kwa haja ndogo. Kila tuliposimama tulihesabiana hadi 14.

Jua, kisha mawe

Siku ya kwanza ilikuwa ya jua na vumbi jekundu. Mvua ilikuwa imenyesha mara moja tu, nayo miyombo ilikwisha toa majani mapya yale yenye rangi ya shaba, lakini kivuli bado. Siku kama hii watu hawaanguki kwa sababu ya ugonjwa, bali kwa kukaukiwa maji. Mama anayejizuia kunywa ili asitafute kichaka njiani anajidhuru. Tulikuwa tunaulizana bila haya rangi ya mkojo: ukiwa kama chai ya rangi, kaa chini unywe. Kwa aliyeishiwa nguvu tulichanganya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kufuta juu, si vya mlima. Ni mchanganyiko ule ule unaompa mtoto mwenye kuhara. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo onja kwanza. Usiwe wa chumvi kuliko machozi.

Jioni hiyo, kati ya wajawazito sita waliokuja, mmoja alikuwa na presha ya 160 kwa 110. Alisema kichwa kinamuuma siku mbili, na kwamba miguu imevimba "kama kawaida". Si kawaida. Hiyo ni njia ya kifafa cha mimba. Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache. Alisikiliza, akaingia ndani, akatoka na shuka na pesa, na kabla ya saa tatu usiku walikuwa wamepanda bodaboda, yeye nyuma akimshikilia mkewe, kuelekea hospitali. Waume kama huyo hawaandikwi magazetini, nasi tumeona tumwandike.

Siku ya pili mvua ilituwahi. Saa sita tu, tukiwa kwenye mgongo wa kilima, upepo uligeuka na mawe yakaanza kuanguka, ukubwa wa punje za mahindi. Tulishuka ubavuni, tukajikunyata chini ya turubai karibu saa nzima. Mvua ilipopungua tukaendelea, tumelowa, upepo ukiwa unatupiga kifuani.

Mwenzetu mmoja, mwembamba, alikuwa amempa bibi turubai lake. Mwanzoni alitetemeka sana akicheka. Baada ya nusu saa alianza kujikwaa mahali pasipo na jiwe. Tulipomwuliza jina la kijiji tulichotoka alijibu kwa ulimi mzito. Kisha akasema hasikii baridi tena, anataka kukaa kidogo peke yake. Tukajua hapa hakuna kwenda mbele.

Akina mama, wengi wetu tunafikiri baridi huua huko Ulaya kwenye theluji. Mwili wa mtu una joto la nyuzi 37. Ukishuka chini ya 35, akili na miguu huanza kushindwa kazi, na nguo mbichi pamoja na upepo huweza kuufikisha huko hata hewa ikiwa ya nyuzi 10 au zaidi. Dalili ya hatari si kutetemeka. Kutetemeka ni mwili unapigana. Hatari ni pale anapoacha kutetemeka naye bado ana baridi, anapopayuka, anapotaka kulala.

Tulimwingiza katika kibanda cha walinzi wa shamba, tukamvua kila kilicholowa, tukamvika nguo za ndoo mbili. Kisha akina mama wawili wenye miili ya kutosha, nao wakiwa wamevaa kavu, walimlaza katikati yao, ngozi kwa ngozi kifuani na mgongoni, tukawafunika wote watatu. Ndivyo tunavyofanya wodini kwa watoto njiti, kuwaweka kifuani kwa mama, na mtu mzima naye ana ngozi hiyo hiyo. Alipoweza kumeza vizuri tulimpa uji wa moto wenye sukari nyingi. Hatukumsugua mikono na miguu, wala hatukumweka karibu na moto mkali, kwa maana damu ya baridi iliyoko mikononi ikirudi ghafla huuchosha moyo. Na pombe, ambayo mlinzi aliitoa kwa moyo mwema kabisa, tulikataa. Pombe huleta joto la uongo usoni huku ikitoa la kweli mwilini.

Ilichukua muda wa saa moja na nusu hivi mpaka alipoanza kutetemeka tena. Tulifurahi kumwona anatetemeka kama watu wengine wanavyofurahi kumwona mtoto akilia baada ya kuzaliwa. Tulilala hapo hapo, 14 katika kibanda cha watu watatu.

Radi na bibi mwenye kuku

Siku ya tatu tulivuka daraja la Mto Malagarasi, maji yakiwa ya rangi ya matofali. Ukivuka hapo, wazee husema, umetoka Heru umeingia Muhambwe, himaya mbili za zamani za Waha, na kweli hata Kiha kinabadilika kidogo mdomoni mwa wenyeji. Saa saba ngurumo zilianza. Tulihesabu: ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi usikie sauti, kila sekunde 3 ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, tafuta hifadhi, wala usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Sisi tulipata 12. Tukaingia katika shule iliyokuwa karibu, tukakaa katikati ya darasa, mbali na kuta, madirisha na mlango, miguu pamoja.

Pamoja nasi aliingia bibi mmoja mjane wa kijiji hicho, ana kuku kwapani. Alikaa na bibi yetu wakalinganisha meno yaliyobaki.

Mvua ilipokwisha tukasikia yowe. Chini ya mwembe, mita chache tu kutoka nyumba ya jirani yake huyo mjane, ng'ombe watatu walikuwa wamelala wamekufa, na kijana aliyekuwa akiwachunga alikuwa hai, amezibwa masikio na kuchanganyikiwa tu. Kabla ya giza maneno yalikuwa yamefika kila nyumba. Mbona radi imechagua ng'ombe wa fulani? Mbona imemruka kijana? Na nani aligombana na fulani juu ya mpaka wa shamba mwezi uliopita? Jina la mjane halikutajwa waziwazi. Watu walitazama tu nyumba yake.

Hapa hatutazungumza kwa mafumbo, kwa kuwa sote tumekulia katika maneno haya na tunajua yanakofika. Vikongwe wamekatwa mapanga huko Usukuma kwa macho mekundu tu, ambayo ni ya moshi wa jikoni. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa mtu mwenye busara. Alitukaribisha tuzungumze na watu uwanjani kwake jioni hiyo, na mwenye ng'ombe alikuwepo.

Tulichora chini kwa kijiti. Radi ikipiga mti, umeme wake hauishii kwenye mti, huteremka na kusambaa ardhini pande zote, ukipungua kadiri unavyokwenda mbali. Kiumbe aliyesimama hapo ni kama daraja: umeme huingia kwa mguu ulio karibu na mti na kutoka kwa ule ulio mbali. Ng'ombe ana miguu ya mbele na ya nyuma iliyoachana zaidi ya mita moja, na moyo wake uko katikati ya njia hiyo. Kijana alikuwa amesimama pembeni, miguu yake karibu karibu. Ndiyo maana ng'ombe na mbuzi hufa wengi kwa pigo moja na mchungaji akapona. Na ndiyo maana mtu aliyekutwa na radi uwandani huambiwa ashuke kutoka kileleni, akae mbali na mti na uzio wa waya, aachane na wenzake hatua kadhaa, achuchumae miguu imebanwa pamoja. Hiyo si kinga kamili. Gari la bati au jengo imara ndiyo nafuu. Hata jengo si kinga kamili: Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi 6 katika shule moja mkoani Geita, watoto waliokuwa shuleni kama wanavyotakiwa. Nani alikuwa na ugomvi nao?

Tulisema pia kwamba sisi tunakaa katika ukanda wa radi. Kwa hesabu za wataalamu kutokana na setilaiti, zilizotolewa mwaka 2016, Kabare katika Kongo ya mashariki ilikuwa ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo huko Venezuela. Nasi tu majirani wa huko. Kama ni uchawi, basi wachawi wa Venezuela wanatushinda. Watu walicheka hapo, na kicheko kilisaidia kuliko mchoro.

Jambo la mwisho tulilowaambia ni hili. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, ukimgusa hudhuriki. Watu wengi huogopa, humwacha akalala, na mtu ambaye angeponywa anakufa huku anatazamwa. Kama hapumui, mlaze chali juu ya kitu kigumu, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwingine akipumulia kinywani kama anajua, na usiache mpaka msaada ufike. Vijana wanne walijifunza usiku ule juu ya gunia la mahindi.

Mwenye ng'ombe aliuliza swali moja tu: "Na kwa nini mwembe wangu, si wa jirani?" Tukamjibu kwamba mwembe wake ulikuwa mrefu kuliko yote pale. Alinyamaza. Usiku huo sita kati yetu tulilala kwa yule mjane, na kila aliyepita njiani alituona tukiota moto naye mlangoni.

Barabara ya Nduta

Siku ya nne ilikuwa ya ukungu na matope. Hapakuwa na mvua ya haja, ila manyunyu, na huwezi kumwona aliye hatua ishirini mbele. Tulitembea tukiimba ili tusipotezane. Mwimbo ukikatika nyuma, mbele wanasimama.

Usiku tulilala karibu na njia panda ya Nduta, na mwenyeji wetu alitukumbusha ni nani waliopita njia hizi kabla yetu. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na katika wiki zilizofuata mamia ya maelfu ya watu wakakimbia nchi yao. Wengi waliingia kwetu kwa miguu kupitia Ngara, Kibondo na Kasulu. Yalikuwa majira haya haya, mvua zikianza. Wengi wetu kundini tulikuwa wasichana wa shule wakati huo. Mwaka 2015 wakaja tena, na Oktoba ya mwaka huo kambi ya Nduta ikafunguliwa upya kuwapokea. Sisi tulikuwa na ndoo, turubai na mahali pa kufikia. Wao walikuwa na watoto na giza.

Mama yake mwenyeji wetu mwaka ule alikaa kando ya njia na sufuria la uji. Kabla ya kumpa mtu uji aliwafungua watoto migongoni mwa mama zao, akawavua vilivyolowa, akawahamishia kifuani ndani ya nguo. Hakuwa ameingia darasa lolote la uuguzi. Sisi wawili tulitazamana.

Siku ya tano jua lilitoka tangu asubuhi, likakausha matope miguuni mwetu yakawa magamba. Tuliingia Kibondo saa saba mchana, bibi akiwa mbele, wote 14. Malengelenge yalikuwa kwa tisa. Hatukuyapasua, tuliyaosha kwa maji na sabuni na kuyafunika. Hapo simu zetu zikapata chaji, na ujumbe wa kwanza ulitoka kwa yule mume wa bodaboda: mkewe amezaa kwa upasuaji, mtoto wa kike, kilo 2 na robo, wote wanaendelea vizuri, na je, wauguzi wanaitwa nani ili wachague jina. Tulimwambia ampe jina la bibi yake.

Safari ijayo tumeomba ipangwe Juni, baada ya mavuno. Tutapita tena kwa yule mjane. Mwenyekiti ametuambia kwa simu kwamba yupo, amepanda mahindi na maharage, na kuku wake ametotoa. Mwenye ng'ombe bado hamsalimii, ila mwezi uliopita alimtuma yule kijana akamtengenezee paa.